Muziki wa Street Fighter Nje ya Mapigano

Muziki uliotungwa kwa ajili ya kazi fulani huingia katika mashaka unapotolewa kazini. Wimbo wa kutwanga wataka mchi. Wimbo wa kubembelezea mtoto ukiimbwa mbele ya kadamnasi huwa kitu kingine, hata kama hakuna neno lililobadilishwa. Mashaka ya namna hii yamewakuta watunzi wa muziki wa michezo ya video, na hasa wale waliotunga kwa ajili ya michezo ya kupigana, maana kazi yao ni nyembamba kuliko kazi zote: kuyajaza masikio ya watu wawili kwa muda wa dakika moja au mbili, wakati macho na vidole vya watu hao vina shughuli nyingine. Hata hivyo muziki huo umeuzwa katika santuri, kaseti na diski kwa miaka mingi. Mwaka 1984 Haruomi Hosono, mwanamuziki mashuhuri wa Japani, alisimamia albamu iliyokusanya sauti za mashine za michezo za kampuni ya Namco, na tangu hapo desturi ya kuuza sauti ya mashine peke yake, pasipo mashine, imekuwa jambo la kawaida katika nchi ile. Swali linalobaki ni la uhakiki: mnunuzi wa albamu kama hiyo amenunua nini? Je, amepata kazi ya sanaa iliyo kamili, au amepata kumbukumbu ya mchezo, kama mtu anayeweka tiketi ya sinema mfukoni baada ya picha kwisha?

Hakuna mfululizo unaofaa kulijibu swali hili kuliko Street Fighter, mchezo wa kampuni ya Capcom ya Osaka. Mchezo wa kwanza ulitoka mwaka 1987, na muziki wake, kazi ya Yoshihiro Sakaguchi, hautajwi sana leo, wala hakuna dhuluma kubwa katika kusahauliwa kwake. Jina la mfululizo lilijengwa na mchezo wa pili, Street Fighter II, wa mwaka 1991. Mtunzi wake mkuu alikuwa Yoko Shimomura, aliyezaliwa mwaka 1967 katika mkoa wa Hyogo, akasomea piano katika Chuo cha Muziki cha Osaka, na kuajiriwa na Capcom mwaka 1988 mara baada ya kuhitimu. Mchezo ulipotoka alikuwa hajatimiza miaka 24. Isao Abe alitunga sehemu chache, miongoni mwake mahadhi ya Sagat, bondia wa Thailand. Yaliyosalia yalikuwa ya Shimomura, na kwa sehemu kubwa ndiyo yaliyoufanya muziki huo ukumbukwe.

Yafaa kukumbuka mahali muziki huu ulipozaliwa. Mashine iliwekwa katika kumbi ambamo mashine nyingine nyingi zilipiga kelele kwa pamoja. Mchezaji alitia sarafu, akachagua mpiganaji, akapelekwa katika uwanja wa nchi fulani, na kila uwanja ulikuwa na mahadhi yake. Hesabu ilianza katika 99 ikashuka kuelekea sifuri. Aliyeshinda raundi mbili katika tatu ndiye aliyeshinda pambano. Lakini pambano laweza kwisha kabla ya hesabu kufika nusu, au laweza kuburutwa hadi mwisho kabisa, na mtunzi hana namna ya kujua. Kwa hiyo mahadhi hayakupewa dibaji ndefu wala tamati. Yamejengwa kama pete: mkia ukifika, hukamata kichwa, na safari huanza upya bila ya mshono kuonekana. Katika ngoma ya kirumbizi mpigaji huwaona wenye fimbo kwa macho yake, akaweza kuwahimiza au kuwazuia. Mashine ya Capcom haikuwa na macho hayo, ila ilipewa werevu mmoja: nguvu za mpiganaji zikikaribia kwisha, mahadhi yaligeuka yakaenda kwa kasi. Mtu aliyesimama nyuma, asiyeiona picha kwa sababu ya mabega ya watu, alijua kwa sikio peke yake kwamba pambano limefika ukingoni.

Na vyombo alivyopewa mtunzi vilikuwa vichache. Ndani ya mashine mlikuwa na chipu ya Yamaha iitwayo YM2151, yenye njia nane za sauti. Chipu hiyo haikuhifadhi sauti ya ala yoyote. Ilizifanya sauti kwa hesabu, wimbi moja likilitikisa jingine, kwa njia aliyoigundua John Chowning katika Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1967, na ambayo Yamaha iliitia katika kinanda chake cha DX7 mwaka 1983. Kando yake palikuwa na chipu ya kampuni ya Oki, yenye njia nne, iliyotoa sauti zilizorekodiwa: vishindo vya ngoma, na pamoja navyo ngumi, mateke na vilio vya wapiganaji. Ngoma na ngumi zilikula sahani moja. Katika hali hiyo hapana nafasi ya kupamba. Sauti ya juu yapasa iwe na ncha kali ili ipenye kelele za ukumbi. Sauti nene ya chini yapasa ikimbie, kwa kuwa haina wasaidizi. Na mahadhi yapasa yashikwe na sikio mara ya kwanza, maana huenda mara ya pili isiwepo. Shimomura alifanya kazi ndani ya mipaka hiyo kama mshairi afanyavyo kazi ndani ya mizani. Mtu akitafuta sababu ya mahadhi yale kuimbika hata leo, ataipata hapo kwanza, kabla ya kuzungumzia kipaji.

Albamu inapoyachukua mahadhi hayo, jambo la kwanza linaloisumbua ni mwisho. Pambano lilikuwa ndilo tamati. Albamu haina pambano. Desturi iliyoshika katika albamu za Kijapani zinazorekodi mashine yenyewe ni kuyaacha mahadhi yazunguke mara mbili, kisha kuyafifisha kidogo kidogo hadi kimya. Wako wanaoiona njia hii kuwa ya kivivu. Kwa kweli ina uaminifu ambao njia nyingine zimeukosa. Kufifia kwamwambia msikilizaji kwamba muziki haukwisha, ila yeye ndiye anayeondoka. Mahali fulani mzunguko ungali unakwenda. Hili ndilo umbo halisi la kazi yenyewe, na aliyetia mahali pake kishindo cha mwisho ameitungia kazi hiyo sehemu isiyokuwa nayo.

Tena rekodi ya mashine hufanya tendo jingine la haki. Huondoa kelele. Mtu aliyeyasikia mahadhi ya Ken mara mia ukumbini hugundua katika albamu kwamba hajawahi kuisikia sauti ya chini, ile inayokimbia chini ya mahadhi kama maji chini ya daraja, wala majibizano ya sauti za katikati ambazo ukumbini zilimezwa na vilio. Kuna ufundi mwingi uliotiwa mahali ambapo hapakuwa na matumaini ya kusikika. Kama albamu hizi zisingefanya lolote ila kuufichua ufundi huo, zingekuwa zimelipa gharama yake.

Walakini Capcom hawakutosheka na rekodi ya mashine. Watunzi wake walikuwa na bendi yao, na bendi hiyo iliitwa Alph Lyla, jina ambalo msomaji wa Kiswahili hahitaji kufasiriwa, kwa kuwa ni lile lile la Alfu Lela Ulela. Huenda jina lilichaguliwa kwa uzuri wake tu, lakini limekaa mahali pake: Shahrazadi hawezi kuimaliza hadithi, maana mwisho wa hadithi ni mwisho wa msimulizi, na mahadhi ya Street Fighter hayawezi kwisha, maana yakikoma ni kwamba mtu ameanguka. Ajabu ni kwamba katika kupanga upya mahadhi hayo kwa magita, ngoma na vinanda vya watu walio hai, kanuni hiyo ndiyo inayosahauliwa kwanza. Wimbo uliopangwa upya hutiwa dibaji, hutiwa sehemu ya gita la peke yake, hutiwa tamati. Mahadhi yaliyokuwa mafupi na makali kama kisu huvutwa yakawa marefu. Wapigaji ni hodari, hilo halina ubishi. Na kwa mahadhi machache, hasa yale yenye asili ya roki, mavazi mapya yamekubali. Lakini kwa mengi sauti ya gita halisi imefanya kitu kilichokuwa cha pekee kiwe cha kawaida. Sauti ya chipu ya Yamaha haikuwa gita wala tarumbeta. Ilikuwa sauti isiyo na nchi, nusu shaba na nusu kioo, na mahadhi yalitungwa kwa kipimo chake. Kuyapa gita ni kudhani kwamba chipu ilikuwa gita maskini.

Kosa hilo laelekea kutoka katika dhana kwamba kila sauti ya mashine ni kivuli cha sauti nyingine iliyo bora. Historia ya mchezo wenyewe yaikanusha. Mwaka 1992 Street Fighter II uliingia majumbani kwa mashine ya Super Famicom, na nakala zilizouzwa zilipita milioni 6. Mashine hiyo haikuwa na chipu ya kufanya sauti kwa mawimbi. Ilitumia vipande vya sauti zilizorekodiwa, vikabanwa vikatoshea katika hifadhi ndogo ya kilobaiti 64. Mahadhi yalikuwa yale yale, lakini mwili ulikuwa mwingine: laini zaidi, wenye ukungu kidogo. Mwaka 1993 ukaja Super Street Fighter II na mtambo mpya, sauti zikawa nyingi zaidi na zenye upana, na mahadhi yale ya kale yakavikwa mwili wa tatu. Basi kwa mtoto aliyekulia sebuleni, sauti ya kweli ni ile ya mwaka 1992. Kwa kijana wa ukumbini, ni ile ya 1991. Katikati ya miaka ya 2010 kampuni ya Brave Wave ya Tokyo ilitoa toleo lililosafishwa, likaweka sauti ya mtambo wa kwanza na ile ya mtambo wa mwaka 1993 katika mkusanyo mmoja. Uamuzi huo ni wa kihakiki kuliko unavyoonekana. Husema kwamba hakuna mwili mmoja ulio asili na mingine iliyo nakala, na humwachia msikilizaji kupima. Akipima kwa utulivu ataona kwamba mtambo wa 1993, pamoja na wingi wa sauti zake, umepunguza makali. Ngoma zimenenepa, sauti ya juu imepoa. Utajiri wa vyombo haukumfaa kila mpiganaji.

Jambo la pili ambalo albamu hulianika, na ambalo ni zito kuliko la mwisho, ni nchi. Street Fighter II ulikuwa safari ya kuizunguka dunia: Japani, Marekani, Brazili, Uchina, India, Urusi ya Kisovieti, Hispania, Thailand. Katika mchezo kila nchi ilikuwa na picha: baiskeli zikipita sokoni Uchina, tembo wakiwa wamejipanga India, moshi wa kiwanda cha Kisovieti, uzio na wachezaji wa ngoma ya flamenko Hispania. Muziki ulipewa kazi ya kuitambulisha nchi kwa sekunde chache, kama kibao kinachowekwa mlangoni. Katika albamu picha haipo. Kinachosalia ni kibao, na hapo ndipo hujulikana kama nyuma ya kibao pana nyumba.

Kwa baadhi ya mahadhi nyumba haipo. Yale ya Dhalsim, mtu wa India, yanasimama juu ya sauti inayoshikiliwa bila kubadilika na ngazi ya noti ambayo sikio la kigeni limezoea kuiita ya Mashariki. Mbele ya tembo yalitosha, na pasipo tembo hayana pa kwenda. Mahadhi ya Honda, mpiganaji wa sumo, yamepata salama kidogo, kwa sababu mtunzi alikuwa nyumbani na alijua kuifanyia mzaha nchi yake. Ya Chun-Li, Mchina, yanatumia ngazi ya noti tano ambayo kila mtengeneza sinema aliyetaka kutaja Uchina ameitumia. Lakini wepesi wake ni wa msichana yule na miguu yake, na wepesi huo unabaki picha ikiondoka. Hivyo kibao ni kile kile cha dukani, ila mwenye nyumba yumo ndani. Vega, Mhispania (ambaye Wajapani humwita Balrog, kwa kuwa majina ya watu watatu yalizungushwa mchezo ulipovuka bahari), amepewa mwendo wa flamenko, nao umetungwa kwa hamaki hata msikilizaji asahau kwamba ameusikia mwendo wa namna hiyo katika hoteli za watalii.

Mfano ulio bora kuliko yote ni mahadhi ya Guile. Huyu ni askari wa jeshi la anga la Marekani, uwanja wake ni kambi ya ndege za vita, na nyuma yake ndege imesimama tayari. Mtunzi mvivu angeleta tarumbeta za kambini na ngoma za gwaride. Shimomura hakuzileta. Mahadhi yafunguka kwa mapigo mafupi ya sauti zilizopatana, yakianguka kando kidogo ya mahali sikio linapoyangojea, juu ya sauti nene isiyotulia. Kisha huinuka mahadhi marefu, ya juu, yenye kitu kinachofanana na huzuni iliyokataa kulia. Katika hadithi ya mchezo Guile anakwenda kulipiza kisasi cha rafiki yake aliyeuawa, Charlie. Muziki haukuitaja Marekani sana. Ulimtaja mtu aliyefiwa ambaye bado ana kazi ya kufanya. Ndiyo maana umeweza kuishi nje ya mchezo kuliko mahadhi mengine yote. Yapata mwaka 2010 ulienea mzaha wa kuyaweka mahadhi hayo chini ya picha za kila namna, za sinema, za michezo ya mpira, hata za wanyama, ili kuonyesha kwamba yanapatana na chochote. Mzaha, ndiyo, lakini kila mzaha unaodumu umeegemea ukweli fulani. Mahadhi ya Dhalsim hayawezi kufanyiwa mzaha huo. Yangeipeleka kila picha India.

Kwa hiyo albamu ni chekecheke. Humwaga pumba za picha na kelele, na huacha punje ikiwepo. Wala si kila mtunzi wa mfululizo huu aliyepata kupita katika chekecheke hilo kwa namna ile ile. Mwaka 1993 Isao Abe na Syun Nishigaki walitunga kwa ajili ya wapiganaji wanne wapya, wa Uingereza, Hong Kong, Meksiko na Jamaika, na kazi yao imebaki ya vibao zaidi kuliko ya nyumba. Shimomura alikuwa amekwisha kuondoka mwaka huo huo kwenda kampuni ya Square.

Mabadiliko makubwa yalikuja na mchezo wa tatu. Street Fighter III ulitoka mwaka 1997, na toleo lake la mwisho, 3rd Strike, mwaka 1999, muziki ukiwa wa Hideki Okugawa, ambaye katika matoleo ya mwanzo alishirikiana na Yuki Iwai. Okugawa aliacha mahadhi marefu ya kuimbika akachukua jazi, ngoma za elektroni na kufokafoka. Mfokaji mmoja wa Toronto, Infinite, aliitwa kutia sauti yake. Wapenzi wa kale walilalamika, na hawakukosa sababu, kwa kuwa ni vigumu kutoka ukumbini ukipiga mbinja nyimbo za Okugawa kama mtu alivyoweza kupiga za Guile. Lakini katika albamu muziki huu umesimama imara kuliko uliotangulia, na sababu yake inafaa kutazamwa. Muziki wa kufokafoka ulizaliwa ukiwa mzunguko. Wapigaji wa New York walichukua kipande kifupi cha santuri wakakirudia na kukirudia, na juu yake mfokaji akasema. Kurudia ndilo umbo lake, wala halikuwa shida iliyotafutiwa dawa. Basi mtunzi wa mchezo, anayelazimika kutunga pete, na mtunzi wa kufokafoka, anayependa pete, wamekutana njiani. Wimbo uitwao Jazzy NYC '99, uliotungwa kwa uwanja wa New York, hausikiki kama kitu kilichokatwa kutoka mahali pengine. Hauombi tamati. Swali la mwisho lililoisumbua albamu ya mwaka 1991 limekwisha kujibiwa ndani ya utunzi wenyewe.

Katika mchezo huo wa tatu lipo pia jambo linalowagusa wasomaji wa Kiswahili kwa karibu. Aliingia mpiganaji mpya, Elena, binti wa Kenya, mrefu, anayepigana kwa miguu. Ni mpiganaji wa kwanza wa mfululizo huu kupewa Kenya kuwa nchi yake, na uwanja wake ni mbuga. Ufundi anaoutumia ni kapoeira, sanaa iliyokuzwa Brazili na watu waliochukuliwa utumwani kutoka Afrika, hasa pande za magharibi na kati. Kwa hiyo Mkenya huyu amepewa urithi ulioondoka Afrika kwa pwani nyingine na kurudi kwa njia ya Osaka. Mtu aweza kulitazama jambo hili kwa hasira au kwa kicheko. Lililo la maana kwa uhakiki huu ni muziki. Katika 3rd Strike wimbo wake ni Beats in My Head, wenye mwendo wa haraka wa ngoma za elektroni. Hayasikiki ndani yake magita ya benga, wala udi na fidla za taarabu, wala chochote kinachoweza kumwambia mtu wa Kisumu au wa Mombasa kwamba ametajwa.

Je, hilo ni pungufu? Kwa kipimo cha kibao, ndiyo: Kenya imetajwa kwa jina na kwa nyasi tu. Lakini kipimo hicho ndicho kilichomwonea Dhalsim. Kama Okugawa angetafuta kibao cha Afrika, yaelekea angeokota kile kilichomo katika sinema nyingi, ngoma nzito na sauti za wanaume wengi wakiitikia, na Elena angefungiwa ndani yake kama mwenzake alivyofungiwa na tembo. Alipewa badala yake muziki wa mji, mchangamfu, unaofuata mwendo wa miguu yake kuliko ramani. Haukumtambulisha kuwa Mkenya. Ulimtambulisha kuwa mchezaji wa dansi, na tabia yake katika mchezo ni hiyo. Bado mtu aweza kutamani kwamba mtunzi angejua kuwa benga ni muziki wa mwendo wa haraka, wa magita yanayokimbizana, unaozunguka bila kuchoka, na kwamba ungefaa pambano la hesabu ya 99 kuliko vingi alivyovitumia. Nafasi hiyo ilipotea kwa kutokujua, si kwa dharau. Elena amerudi katika mchezo wa nne mwaka 2014 na katika wa sita mwaka 2025, na kila mara mlango huo umekuwa wazi.

Kwa kulinganisha, yafaa kutupia jicho mfululizo mshindani wa Kimarekani, Mortal Kombat. Muziki wa mashine yake ulikuwa kazi ya Dan Forden, nao ni muziki wa giza, wa kunong'ona, uliofaa mchezo. Albamu yake mashuhuri ya mwaka 1994 haikuutegemea. Ilitungwa na Wabelgiji wawili, Praga Khan na Olivier Adams, kwa jina la The Immortals, wakawapa wapiganaji nyimbo za dansi za kilabu. Na mmoja wapo, Techno Syndrome, pamoja na ule ukelele wa jina la mchezo uliotoka katika tangazo la televisheni, ukaingia katika filamu ya mwaka 1995 na kujulikana kuliko chochote alichokitunga Forden. Albamu hiyo ilikwepa mashaka yote yaliyoelezwa hapa kwa kukata kamba: ilitungwa kwa ajili ya santuri tangu mwanzo. Haina haja ya chekecheke kwa kuwa haikuwahi kuwa na pumba. Lakini haina pia kile kinachomshika msikilizaji katika albamu za Capcom, yaani kusikia kazi iliyofanywa chini ya sharti, na sharti likiondolewa kazi ikabaki imesimama.

Matoleo ya baadaye yamelipiga teke sharti hilo. Hideyuki Fukasawa, aliyetunga muziki wa Street Fighter IV mwaka 2008, alikuwa na sauti nyingi alizozitaka, na aliyarudisha mahadhi ya kale kwa mavazi mapya. Kazi safi, yenye heshima, isiyo na mengi ya kusemwa. Street Fighter 6 wa mwaka 2023, ulioongozwa kimuziki na Yoshiya Terayama, ulithubutu zaidi: wapiganaji wa kale walipewa nyimbo mpya kabisa, Guile akapata Sharpened Sonic badala ya mahadhi yaliyomfuata kwa miaka 30 na zaidi. Ujasiri huo unastahili sifa, kwa kuwa mtunzi anayeishi kwa kurithi hufa akiwa mlinzi wa makumbusho. Lakini matokeo yake katika albamu yanasikika wazi. Nyimbo ni ndefu, zina sehemu nyingi, zina waimbaji, nazo hubadilika kufuata raundi za pambano. Mashine imepata macho ya mpiga ngoma. Kila kitu kinachofaa pambano kimeongezeka, na mahadhi yamepungua. Msikilizaji akimaliza diski ya mwaka 1991 huondoka na mahadhi kumi kichwani. Akimaliza ile ya mwaka 2023 huondoka na hali ya moyo, nayo hupoa kabla ya chai.

Shimomura mwenyewe aliendelea mbali na ngumi, akatunga muziki wa Kingdom Hearts tangu mwaka 2002. Tarehe 23 Julai 2021, katika sherehe ya kufungua Olimpiki ya Tokyo, timu zaidi ya 200 ziliingia uwanjani kwa muziki wa michezo ya video ya Kijapani uliopigwa kwa okestra, na Kingdom Hearts ulikuwamo, na Monster Hunter wa Capcom pia. Timu ya Kenya ilipita, na ya Tanzania, na ya India, na ya Brazili, bila yeyote kupewa kibao chake. Mahadhi ya Street Fighter, yaliyotungwa ili mataifa yaingie uwanjani moja moja, hayakuchaguliwa.